Fuateni Mgongo wa Gocha

Baba Ilarion, ndugu wa damu na ndugu wa ndoa, majirani wa Ghelisubani ya Juu na majirani wa Ghelisubani ya Chini, na wewe Anzor Kalandia uliyekwisha kusafisha koo, kaa chini kwanza, historia ya marehemu nitaisoma mimi, Lamara, dada yake mkubwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko na wewe ndiye uliyempa jina la msaliti, na watu wawili kama hao hawawezi kusoma karatasi moja.

Jana, chini ya hema hili hili, baada ya gilasi ambazo nilichoka kuzijaza, wanaume wa Juu waliapa kwamba Jumapili hii ya Pasaka watauteka mpira wa lelo, ule tunaougombania Juu na Chini kila Pasaka, na kuuweka juu ya kaburi la Gocha, kama desturi yetu inavyomfanyia marehemu anayependwa na watu wake, na kwamba hapo yaliyopita yatakuwa yamepita. Wameniomba idhini mimi kama mkubwa wa nyumba. Jibu langu litakuja mwishoni, kwanza mtasikiliza.

Marehemu Gocha alizaliwa tarehe 14 Februari 1976 katika hospitali ya Lanchkhuti, mtoto wa pili na wa mwisho wa Vladimer Chanukvadze, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na mkewe Tsiala, mchuma chai, akiwa na uzito ambao mkunga hakuuamini akampima mara ya pili, kisha akamwambia mama, "Bibi wee, huyu umemzaa au umemfuga?" na tangu siku hiyo watu hawakuacha kumtazama kwa macho ya mnadani, kwanza mkunga, halafu mwalimu wa mieleka, halafu makocha, halafu ninyi.

Alisoma hapa hapa Ghelisubani kuanzia Septemba 1982 hadi Juni 1993, na kwa kuwa leo kila aliyesoma naye anasema marehemu alikuwa na akili, niseme ukweli, hesabu ilimshinda, historia aliisinzia, kiongozi wa darasa hakuwa, alikuwa mtoto mpole mwenye mwili mkubwa, aliyebebeshwa kuni za walimu wote na mifuko ya wenzake wote, naye alifikiri kwamba wanampenda. Kiwanda cha chai kilifungwa, umeme ukawa unakuja mara moja kwa wiki, baba akaanza kuuza njugu barabarani, na Oktoba 1994 Gocha akapelekwa Kutaisi kujifunza kuchomelea vyuma.

Hakuchomelea chochote. Kocha mmoja wa raga alimwona akipandisha jenereta ngazini peke yake, akamwuliza, "Kijana, raga unaijua?" akasema haijui, "Na lelo?" akasema lelo anaijua, nani mtu wa Guria, mkoa wetu huu, asiyeijua, kocha akamwambia, "Basi raga ni lelo yenye saa na refa, njoo kesho," naye akaenda, maana mdogo wangu hakuwahi katika maisha yake kuambiwa njoo asiende.

Wengi wenu mlimtazama kwenye televisheni ya Anzor mkipiga makofi, na hamkujua alikuwa anafanya nini, mimi najua kwa sababu alinionyesha jikoni kwa kutumia mlango wa stoo, na mlango mpaka leo haufungi vizuri. Wanaume wanane wanainama mbele ya wanaume wanane, yule wa mbele kulia anakiingiza kichwa chake kati ya vichwa viwili vya watu wasiomtakia mema, uzito wa wote walio nyuma yake unapita shingoni mwake kwenda kwa adui, na uzito wa adui unapita hapo hapo ukirudi. Hiyo ndiyo kazi, haina kukimbia wala haina kufunga, mpira wenyewe huuoni, unasikia tu watu wakipiga kelele ndipo unajua umekwisha kupita, na kwa kazi hiyo, ambayo ng'ombe wa kulimia angeikataa, watu wazima walivaa tai wakaiita mchezo wa waungwana.

Tarehe 21 Agosti 1999 alisafiri kwenda Ufaransa, katika mji mdogo wa kusini-magharibi ambao jina lake sitalitamka mbele ya jeneza, mji wenye soko la bata na daraja moja, akaichezea klabu yao misimu kumi na mmoja, na misimu yote hiyo wakamwita Mrusi. Mwanzoni aliwarekebisha, "Mimi ni Mgeorgia," wakacheka wakasema, "Ndiyo, ndiyo, Mrusi wetu," na hata Agosti 2008, wakati mabomu ya Warusi yanaangukia Gori na sisi tumelala na viatu miguuni, rais wa klabu, mwuza matrekta aliyefikiri dunia nzima ni duka lake, alimpiga begani mbele ya wafadhili akamwuliza, "Mrusi, huko kwenu vipi tena, safari hii mnapigana na nani?" Gocha alinisimulia hayo kwenye simu akicheka, nami sikucheka, nikamwuliza, "Ukamjibu nini?" akasema, "Dada, nilikuwa nimejaza chakula mdomoni."

Alipiga simu kila Jumapili jioni. Nikimwuliza, "Umecheza vizuri?" alijibu, "Vizuri sana." "Umefanya nini?" "Sikuanguka." Katika miaka kumi na mmoja hakufunga trai hata moja, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui, na alipokuwa juu ya mpira siku moja ndani ya mstari, chini ya lundo la watu, trai lile liliandikwa jina la kijana mwenye nywele nzuri aliyekuwa juu yake, naye akampongeza.

Klabu ile ilikuwa na daktari. Kila mdogo wangu alipopigwa kichwani akabaki amepiga magoti, daktari huyo alikuja mbio na sponji, akamwinulia vidole vitatu, akamwuliza ni vingapi, Gocha akasema vitatu, daktari akampiga kofi la mgongo, rudi kazini, na vilikuwa vitatu Jumamosi hii, na vitatu Jumamosi ile, miaka yote, mpaka Gocha akawa anasema "vitatu" kabla mkono haujainuka, na wale waliokuwa karibu walicheka pamoja na daktari. Yeye mwenyewe aliniambia, "Dada, mtihani huu hata mlevi anafaulu," na akaona ni wema.

Tarehe 2 Agosti 2003, katika kanisa la Lanchkhuti, alifunga ndoa na Khatuna Imnaishvili, aliyeketi hapa mbele, mwanamke ambaye midomo ya kijiji hiki imemtafuna kuliko mlivyotafuna njugu zetu, na tarehe 30 Mei 2005 wakajaliwa binti, Tamta, ambaye baba yake alimbeba kwa kiganja kimoja na kuogopa kumbeba kwa viwili. Msimbeze mwanamke huyu kwa kuwa mumewe alipougua alikwenda Italia kulea wazee wa watu, dawa za mumewe zilitoka kwenye mikono yake, si kwenye hotuba zenu.

Mei 2010 rais wa klabu alimwita ofisini, akampa saa ya ukutani yenye nembo ya klabu, akamwambia shingo yake imekwisha na vijana wapya wamefika kutoka visiwa vya Pasifiki, wakubwa kuliko yeye na wa bei nafuu, wakapiga picha, na mwezi Juni Gocha alirudi hapa na mkewe na mtoto na saa, ambayo ilisimama tulipoivusha tu kizingiti. Ukitaka kujua ukubwa wa siku ile, watu wa Juu mlimpokea kwa nguruwe mzima na hotuba nane, na Anzor, mlezi wa meza, mwongoza hotuba wa karamu zetu, alisimama juu ya benchi akasema kwamba tangu leo Chini hawatashika mpira tena mpaka kiama, maana sasa tunaye mtu wa kazi.

Tarehe 9 Novemba 2010 baba yetu Vladimer alifariki, na Gocha, ambaye hakuwahi kuahidi mtu kitu chochote kwa kuwa hakuna aliyemwuliza anataka nini, aliinama kaburini mbele ya watu wote akasema, "Baba, Pasaka nitakuletea mpira." Hiyo ndiyo ahadi pekee ya maisha yake. Wote mliisikia, na wengine mlilia, machozi yenu yako karibu.

Pasaka ile ilikuwa tarehe 24 Aprili 2011. Mpira ulishonwa, ukajazwa udongo na kumwagiwa divai, ukabarikiwa, ukatolewa kanisani, bunduki ikalia, na wanaume wote wa Juu na wote wa Chini wakawa lundo moja barabarani, na mnavyojua, anayeuvusha kijito chake ndiye mshindi, kijito chetu kiko nyuma ya kanisa, chao kiko chini penye mashine ya kusaga. Gocha aliupata mpira mapema. Aliukumbatia tumboni, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, na Anzor, aliyekuwa juu ya ukuta wa makaburi kwa kuwa goti lake huuma kila Pasaka, akapiga kelele, "Fuateni mgongo wa Gocha! Msiangalie kitu, fuateni mgongo wa Gocha!"

Wakafuata, watu wazima, waliozaliwa hapa, wanaoijua kila nguzo ya uzio, wakainamisha vichwa kama yeye wakasukuma, na hakuna hata mmoja aliyeinua shingo kutazama jua liko wapi, maana mtu wa kazi alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye lango letu nikaona lundo zima linageuka taratibu kuelekea mashine ya kusaga, Juu wakisukuma kwa nguvu zote, na Chini, masikini, wakiwa hawana kazi ya kufanya ila kurudi nyuma.

Ndipo Otia Kiladze, fundi wa mapipa wa Chini, akainua mkono. Kwetu mkono ukiinuka lundo husimama, kwa sababu huenda kuna mtu chini, na lundo likasimama. Otia akamwinamia mdogo wangu akamwambia, na nilisikia kwa kuwa walikuwa wamefika uzio wetu, "Gocha, ndugu yangu, huku ni kwetu. Kijito chenu ni kule." Gocha akamtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Vitatu." Otia akasema, "Nini?" na kutoka nyuma Anzor akapaza sauti, "Uongo wa watu wa Chini! Wanataka kumpotosha! Sukuma!" Wakasukuma, na Gocha Chanukvadze akauvusha mpira katika kijito cha Chini, akauinua juu, akatafuta uso wa kumfurahia, akawakuta watu wa Chini peke yao, nao hawakujua kama washangilie au wamvulie kofia.

Jioni ile mpira uliwekwa juu ya kaburi la bibi mmoja wa Chini, Mungu amrehemu, hakuwa na kosa. Kaburi la baba likabaki na yai jekundu la Pasaka na divai tuliyommwagia.

Sasa nisikilizeni ninyi wenye gilasi. Asante ya punda ni mateke, lakini punda walau hupiga kwa miguu yake mwenyewe, ninyi mlitumia ulimi wa Anzor. Aliyesema "fuateni mgongo" ndiye aliyesema siku ya pili kwamba mgongo huo umenunuliwa na Chini, na nyote mliomfuata Gocha mkakubali, maana kukubali kwamba mmesalitiwa ni rahisi kuliko kukubali kwamba wanaume mia moja na zaidi mlitembea vichwa chini kama kondoo nyuma ya mgonjwa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikisema, "Jamani, mtu huyu haoni vizuri, amesema 'vitatu', kuna kitu kichwani." Mkanijibu, "Dada Lamara, damu nzito kuliko maji, tunakuelewa." Anzor akaniambia, "Dada yangu, wataalamu wa Ufaransa walimpima kila wiki."

Tangu hapo hakualikwa kukata zabibu, hakuitwa kusimamisha pipa, na mezani gilasi yake ilirukwa kila zamu ya kutakiana heri ilipopita, naye aliendelea kuinyoosha. Miaka kumi na minne. Mtu mmoja tu alikuja kukaa naye uani, na huyo alikuwa Otia, adui, aliyemletea mbao za mapipa azipige msasa, akimwambia, "Mzee wa kazi, hebu nisaidie, mikono yangu imechoka," na haikuwa imechoka.

Ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi tarehe 6 Machi 2014 Tbilisi, ambapo daktari kijana, binti mwenye miwani, aliinua vidole viwili akamwuliza ni vingapi, na mdogo wangu akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akasema, "Vitatu." Binti yule hakumpiga kofi la mgongo. Aliuteremsha mkono, akaomba picha za kichwa, akatuonyesha ubongo wa mtu wa miaka thelathini na minane uliosinyaa kama tufaha la mwaka jana, akasema ni mapigo, si pigo moja, yote. Nilizileta picha hizo hapa kijijini, na Anzor alizishika kichwa chini miguu juu, akasema kwamba siku hizi karatasi hutengenezwa.

Kisha yalifuata mliyoyaona kupitia madirisha yenu: kusahau jina la Tamta, kulia akiona viatu, kuuinamia mlango wa stoo na kuusukuma mpaka mabega yatoke damu. Na kila asubuhi, mvua au jua, aliniuliza, "Dada, kijito chetu kiko upande gani?" Nilimwelekeza kwa kidole, "Kule, nyuma ya kanisa." Alikuwa anasema, "Kule," na kutikisa kichwa kama anayejifunza somo, na kesho yake anauliza tena.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025, asubuhi, hakuuliza. Nilirudi kutoka kukamua nikakuta kitanda hakina mtu na darini pengo, mahali nilipokuwa nimeweka boga la mwisho la mwaka jana, lile kubwa la kijivu. Nilimwita Otia, naye alifuata nyasi zilizolala, hazikuteremka kwenda mashine ya kusaga, zilipanda, zikapita nyuma ya kanisa, na akamkuta Gocha ng'ambo ya kijito chetu, amelowa mpaka kifuani, ameketi, amelikumbatia boga tumboni na kichwa amekiinamisha. Hakumwona aliyekuja, ila aliuliza, "Huku ni kwenu au kwetu?" Otia akamwambia, "Ni kwenu, Gocha. Umefika." Otia alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na moyo wa mdogo wangu ukasimama njiani kabla ya kufika Lanchkhuti, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inatoa shukrani. Tunamshukuru daktari wa klabu kwa vidole vyake vitatu. Tunaishukuru klabu kwa shada lililofika jana kwa gari, lile la waridi jeupe pale kwenye banda la kuku, utepe wake umeandikwa "Kwa Mrusi wetu mpendwa", kuku wamekwisha kulisoma. Tunamshukuru Anzor Kalandia kwa sauti yake, ambayo haijawahi kuugua. Tunawashukuru majirani wa Juu kwa viti, na kwa kula wali wa uyoga wa Khatuna kwa hamu kubwa namna ile. Na sasa nashukuru bila mzaha, ninyi vijana mtaona tofauti: namshukuru yule binti wa Tbilisi aliyeteremsha mkono, na namshukuru Otia Kiladze wa Ghelisubani ya Chini, ambaye ndiye atakayeshika jeneza upande wa kichwa, na asiyependa aende nyumbani.

Jibu langu ni hili. Jumapili mtacheza, chezeni, na Mungu awaepushe na mgongo wa mtu yeyote. Mkishinda, mpira wenu msiulete kwa Gocha, mpelekeeni marehemu mwingine, maana hapa mnataka kuosha mikono yenu juu ya kaburi lake, na kaburi si beseni. Na kwa baba pia msiupeleke, mmechelewa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya matawi, mimi na Otia na Tamta tulikwenda ng'ambo ya kijito, boga lilikuwa bado pale kwenye nyasi, lina ufa kidogo upande mmoja, tukalibeba kwa zamu, ni zito, tukaliweka juu ya kaburi la Vladimer Chanukvadze. Tutapita hapo sasa hivi na jeneza, mtaliona, na yeyote atakayecheka atajibu kwangu. Aliahidi atauleta, na ameuleta, kwa kijito kilicho chetu, bila mtu hata mmoja wa Juu kumsaidia.

Inua shingo, Gocha, ulale kwa amani, mdogo wangu. Nyuma yako hakuna mtu anayesukuma.